Baiskeli ya Kukulia

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza shajara. Mtu mwenye mipango lazima aiandike, la sivyo siku ikifanikiwa kila mtu atadai ni yake.

Habari yenyewe ni hii. Mwalimu mkuu wa shule ya mlimani anataka sare mpya. Shule nzima. Ameita mafundi wawili tu, mimi na huyu wa ng'ambo ya barabara anayejiita Bwana Suti. Suti yenyewe hajawahi kuishona. Alishona kizibao kimoja, kikarudishwa siku hiyohiyo, na mpaka leo anakivaa mwenyewe.

Masharti ni ya kijeshi. Jumatatu na Jumanne fundi afike asubuhi kabla ya gwaride, apime darasa moja kila siku, kisha ashone nguo za mfano. Alhamisi azipeleke zikaguliwe. Atakayechelewa ajihesabu ametoka. Gari la mlimani haliondoki mpaka lijae, na halijai mpaka watoto wako kipindi cha pili. Bwana Suti ana baiskeli. Mimi nina miguu.

Mke wangu, Mama Pacha, ameniambia ukweli wakati wa chai. Kazi hii ikivuka barabara, duka letu basi. Mwenye nyumba ameshadokeza kwamba Bwana Suti anakitaka chumba chetu kiwe stoo yake. Akaongeza kuwa nikitaka kuendelea na ufundi, nitaomba kwa Bwana Suti anipe vifungo nimshonee. Hakupandisha sauti. Alikuwa anapindia sketi.

Uamuzi: nanunua baiskeli.


Alhamisi, 6 Machi

Mama Pacha ananiuliza maswali ya kizimbani. Naenda wapi na hiyo baiskeli? Nitabeba nini? Barabara ni ya lami au ya mawe? Nikamjibu baiskeli ni baiskeli. Akasema mteja akija kutaka suruali simwambii suruali ni suruali, namuuliza ya harusini au ya kulimia. Hapo nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie. Haikuwa na uzi.

Kushona anajua, sikatai. Falsafa ya kazi ndiyo hana. Yangu inajulikana mtaa mzima: kubwa hupunguzwa, dogo haliongezwi. Ukimshonea mtoto nguo kamili, umemshonea ya msimu mmoja. Mshonee ya kukulia. Acha pindo nene, acha nafasi kiunoni, atajaza mwenyewe Mungu akipenda. Kuna mtoto wa jirani nilimshonea shati akiwa darasa la kwanza. Sasa anaota ndevu na shati bado lina nafasi. Wenye kijicho wananiita Fundi Pindo.

Kwa hiyo baiskeli nayo itakuwa ya kukulia. Nilipomwambia, Mama Pacha akauliza ya kukulia nini, chakula? Kisha akanikumbusha umri wangu. Sikuona vinahusiana vipi.

Jioni nimejifungia chumba cha nyuma na tepu, nikajipima mguu kwa ndani. Tepu imechakaa. Inatoa namba ambazo mtu mzima hawezi kuwa nazo. Nikaongeza kidogo ya pindo. Nikaongeza ya kunywea, maana kila kitambaa hunywea kikifuliwa. Nikapata mguu wa heshima.


Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa muuza baiskeli, yule mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Mtu mtulivu. Anatafuna karanga mojamoja na hana haraka na mteja. Alinionyesha tatu.

Ya kwanza ya kijani, imepauka. Bomba la juu limeinamishwa chini ili apande hata aliyevaa sketi. Ina gia za kupandia mlima, keria ngumu nyuma ya kiti, na vile vibati juu ya tairi vya kuzuia tope. Watu wanaiita ya kike. Nilimweleza habari ya mlima na mizigo ya nguo, akasema basi nimeshajijibu, chukua hii, kiti tutakishusha mpaka ufike. Nikamwambia nilikuwa nauliza tu.

Ya pili ni ya mashindano. Tairi nyembamba, haina keria, haina kibati, haina pa kuweka hata kalamu. Bwana Suti anayo ya namna hiyohiyo. Akiipanda huinama kama mtu aliyedondosha sindano.

Ya tatu ilikuwa imeegemezwa ukutani peke yake. Nyeusi, nzito, ndefu. Gurudumu linanifika kiunoni. Gia haina. Kiti chake lazima ukitazame kwa kuinua uso. Moyo ukanipasuka kwa furaha, sioni aibu kuandika.

Muuzaji akasema nipande kwanza, aone kama miguu inagusa chini. Wakati huohuo nani akatokea kujaza upepo? Bwana Suti. Akasimama, mikono kiunoni, kizibao kimembana. Akasema kwa upole kwamba ile ya kike ingenikaa vizuri.

Maneno hayo ndiyo yaliyofanya biashara. Nikasema kupanda si lazima, mimi ni mtu wa vipimo, mguu wangu naujua. Muuzaji akauliza una inchi ngapi. Nikampa ile namba ya jioni. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, safari haikuwa ndefu, akatafuna karanga, akasema sawa, mteja ni mfalme.

Bwana Suti akanivisha kilemba cha ukoka. Eti baiskeli kama ile inataka mwanamume kamili. Nilijua ni cha ukoka, lakini nikakivaa.

Pesa ni zile tulizoziweka kwa ajili ya cherehani ya pili. Nimerudi nikiikokota. Watu waliiona baiskeli ikija, mimi wakanigundua baadaye. Mama Pacha alitoka mlangoni, akaizunguka, akauliza ngazi yake iko wapi.


Jumamosi, 8 Machi

Kuendesha najua tangu utotoni, hilo lieleweke. Tatizo ni dogo, na liko sehemu mbili tu: kupanda na kushuka.

Kupanda nimetatua. Naisogeza kwenye kibaraza cha duka, nasimama juu ya kibaraza, narusha mguu, najisukuma. Nikishakuwa juu, niko juu. Naona mabati ya watu. Pedali zikiwa chini sizifikii, lakini zinarudi zenyewe, nazisubiri.

Kushuka kunataka kitu cha kukanyagia. Asubuhi nilishukia kwenye kreti za muuza maziwa. Ananidai kreti. Mchana nilishukia kwenye lundo la mchanga la waashi, ambako ni kuzuri isipokuwa waashi wenyewe wanaongea sana. Mara ya tatu sikupata kitu, nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, nikageuka, nikarudi hadi kibarazani kwangu. Jirani akaniuliza nimesahau nini huko. Nikasema nimekwenda kuangalia hali.

Halafu nikapata akili ya kifundi. Koti la mabega membamba unalifanyaje? Unalitia pedi. Nimezishonea pedali pedi za mabega, mbili kila upande, na juu yake vipande vya kitambaa cha sare. Kazi safi, mshono hauonekani. Sasa vidole vinagusa. Mama Pacha alikuwa anatazama. Akasema ile ya kijani bado ipo, amepita kuiangalia. Nikamwambia baiskeli ni kama ndoa, ukishaingia unajikaza kisabuni. Akasema anajua.


Jumapili, 9 Machi

Nimefikiria upande wa pili wa vita. Mimi nikiwahi na Bwana Suti asiwahi, kazi imekwisha.

Nikavuka barabara kwa adabu zote. Nikamkuta anapasi. Nikamwambia kama jirani mwema kwamba nimepata habari kutoka shuleni: kipimo cha kesho kimeahirishwa, ni alasiri. Sikumtazama machoni. Akashukuru. Akasema hakujua kama nina roho hiyo. Akanipa kiti na chai. Chai ilikuwa nzuri na niliinywa yote, tena nikaongezewa.

Kidogo dhamiri ilinigusa wakati wa kurudi. Lakini vita haina macho, na Jumanne nitamweleza kwamba nami nilidanganywa.

Nguo yangu ya kesho ni suruali mpya ya kijivu, nimejishonea mwenyewe. Pindo la kutosha.


Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa nimelala, mguu juu ya mto.

Nilitoka alfajiri kupitia kibarazani. Tambarare nilikwenda vizuri mno. Mlima ulipoanza, baiskeli ikasimama, mimi nikaangukia ukingo wa mtaro, ambao bahati nzuri ulikuwa juu. Tangu hapo nikaisukuma. Pedi moja ya pedali ilibaki njiani. Lakini nilifika langoni kabla ya kengele, jasho linanitoka. Nimewahi. Kama ningeingia hivyohivyo kwa miguu, mambo yangekuwa tofauti, Mama Pacha amelisema hili mara kadhaa tangu mchana.

Sasa niambieni, mtu mwenye baiskeli kama ile aingie shule anaikokota? Mbele ya watoto wote? Kulikuwa na msingi wa ukuta pale langoni. Nikapanda juu yake, nikarusha mguu, nikaingia.

Nilipokuwa tayari uwanjani ndipo nikatazama nishukie wapi. Uwanja wa shule umesawazishwa vizuri sana. Hakuna jiwe. Hakuna benchi. Watoto wako mstarini, mbele yao mwalimu mkuu, ambaye ni mama mnene mwenye miwani, na katikati mlingoti wa bendera. Nikauzunguka mstari. Nikampungia mwalimu mkuu, nikamsalimia habari za asubuhi. Akajibu nzuri, karibu fundi. Nikapita. Nilipofika tena nikamsalimia habari za nyumbani. Akajibu salama, akasema nishuke. Mzunguko uliofuata nikamuuliza habari za kazi.

Akasema tena nishuke. Nikamjibu kutoka juu kwamba kwanza naangalia miili ya wanafunzi kwa ujumla, ndiyo njia ya kisasa. Watoto wakaanza kunihesabia mizunguko kwa sauti moja. Mwalimu wao wa hesabu hakuwakataza.

Kisha pindo. Lile pindo la suruali ya kijivu, mnyororo ukalishika na ukaanza kulila taratibu, nyuzi kwa nyuzi, na suruali yote ikaanza kushuka kulifuata. Nikaona mlingoti unakuja. Nikaachia usukani, nikaukumbatia. Baiskeli haikujua. Iliendelea peke yake, ikakata kona, ikaingia ofisi ya walimu bila kubisha hodi.

Waliniteremsha watu wawili. Mguu umeteguka. Mwalimu mkuu alikuwa muungwana. Alikiri kwamba nilifika kwa wakati, tena mara nyingi. Ila akasema watoto hawawezi kupimwa leo asubuhi, wanacheka, vifua vinapanda na kushuka, kipimo kitakuwa cha uongo. Akaahirisha. Akasema mafundi waje alasiri.

Alasiri! Bwana Suti, niliyempa habari hiyo mwenyewe kwa mdomo wangu, alifika kwa saa yake, ametulia, amechana nywele.

Mwalimu mkuu alisema duka langu linaweza kuleta mtu mwingine. Mama Pacha alipanda gari la mchana akaenda na tepu. Hakuniaga sana.


Jumanne, 11 Machi

Baiskeli yangu haipo.

Jana Mama Pacha alipomaliza kupima aliichukua pale ofisi ya walimu, akateremka nayo mlima akiikokota, akapitia kwa muuzaji. Akarudi na ile ya kijani. Amebadilishana! Muuzaji amesema mlinzi wa benki, yule anayeinama akiingia mlangoni, alikuwa ameiulizia nyeusi tangu wiki iliyopita na miguu yake inafika. Nimeumia. Kuna watu wanapewa miguu bila kuifanyia kazi.

Namna alivyonunua ni aibu tupu. Amemweleza yule bwana kila kitu: nakwenda mlimani, nabeba nguo, barabara ya mawe na tope. Akapanda pale mbele za watu. Akakanyaga chini kwa miguu yote miwili. Akaomba kiti kishushwe kidogo, kikashushwa. Akazunguka nayo pale kituoni, akajaribu breki, akajaribu gia, akasema inatosha. Hakuongeza hata inchi moja. Mtu unanunua kitu kinachokutosha leo, na kesho je?

Leo asubuhi ameondoka na kijani yake, amefika shule, amepima darasa la pili, amerudi, ameegesha, amenipa chai. Hakuna tukio hata moja. Nimemuuliza watu walimtazama njiani? Akasema hapana, kwa nini wamtazame?

Bwana Suti naye amepita kunijulia hali. Ameleta ndizi. Amenishukuru tena kwa ile habari ya Jumapili, akasema bila mimi angekwenda asubuhi akapoteza muda. Nimekula ndizi kwa uchungu.


Jumatano, 12 Machi

Tumeshona nguo za mfano. Mama Pacha ameshona, mimi nimesimamia kutoka kitandani kwa kuwa ndimi mwenye duka.

Nilipoona suruali ya kwanza nikashtuka. Pindo la kidole kimoja. Nikajikokota hadi mezani, nikachukua chaki ili nirekebishe kidogo, akanipokonya. Akanitolea uvivu. Ndoa yetu ina miaka mingi na sijawahi kumsikia akiongea mfululizo namna ile. Amesema kubwa ndilo lililoniangusha. Amesema mwalimu mkuu mwenyewe amelalamika kwamba sare za zamani zilikuwa za kukulia, watoto wakafagia uwanja kwa suruali zao, mmoja akajikwaa kwenye ngazi akang'oka jino. Amesema kazi hii ikitupita hatakaa hapa kumshonea Bwana Suti vifungo, atakwenda kwa mama yake na pacha wetu wakitoka shule ya bweni watamfuata huko.

Alikuwa analia kidogo, nikampa kitambaa. Kilikuwa kipande cha mfano, akanirudishia, akatumia khanga yake.

Nilirudi kitandani. Sikumbuki lini niliogopa hivi. Si duka tu.


Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Imeanza alfajiri, mlima wote tope.

Mama Pacha amezifunga nguo za mfano katika nailoni, akazikaza kwenye keria kwa mpira, akavaa koti langu la mvua, akaondoka. Bwana Suti naye akatoka. Ya kwake haina keria, akayatundika mashati mabegani kama mtu anayehama. Nikawatazama kutoka dirishani mpaka wakakata kona.

Asubuhi nzima sikushona. Nilichemsha maji ya chai mara kadhaa, yakapoa yenyewe.

Mama Pacha amerudi mchana amelowa, anacheka peke yake. Ikabidi nimsubiri avue viatu ndipo niambiwe. Bwana Suti alifika kwa wakati, hilo ni kweli. Lakini zile tairi zake nyembamba hazina vibati, tope lote lilikuwa linaruka kutoka nyuma. Alipoyashusha mashati mezani kwa mwalimu mkuu, kila moja lilikuwa na mstari wa tope kuanzia kola hadi chini, umenyooka kabisa. Mwalimu mkuu akauliza kama ndiyo mtindo. Za kwetu zikatoka kwenye nailoni zimekunjwa kama zilivyopasiwa. Akawaita watoto wa mfano, wakavaa, zikawakaa. Mmoja akaambiwa aruke. Akaruka. Suruali ikabaki mahali pake.

Kazi tumepata. Duka letu linabaki letu. Nimemshika Mama Pacha mkono, akaniacha nimshike.


Ijumaa, 14 Machi

Mkataba umeandikwa kwa jina la Mama Pacha. Ni makosa madogo ya ofisi, sikutaka kuyakuza.

Leo ameshinda shuleni akipima madarasa yaliyobaki, walimu wakimsaidia. Jora zote za kitambaa zimeletwa kwa gari la shule, chumba kimejaa, nimelala kati ya khaki na nyeupe. Dereva amesema kitambaa hiki kimeagizwa mbali, kinatosha shule nzima bila ziada na hakuna kingine.

Mguu unashuka uvimbe. Kesho Mama Pacha anakwenda na kijani yake kumchukua mdogo wake aje atusaidie kushona, atalala huko. Kukata ameniachia mimi. Kwa mkasi hakuna anayenifikia mtaa huu, hata Bwana Suti anajua. Ameniwekea vipimo vya kila mtoto, amenikalisha chini, ameniambia neno moja akalirudia: nisiongeze. Wala pindo, wala nafasi ya kiuno, wala ya kunywea. Akanitaka niape. Nikaapa.


Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka mtu mwingine.

Wiki hii yote watu walikuwa wananifundisha na mimi nimetia pamba masikioni. Muuza baiskeli aliniambia. Mke wangu aliniambia kwa machozi. Mwalimu mkuu naye kasema, na mguu wangu wenyewe unanieleza kila nikikanyaga. Kubwa ni hatari. Kubwa huingia kwenye mnyororo. Kubwa hung'oa mtoto jino. Miaka yangu yote ya ufundi nimekuwa nikiwashonea watu hatari na kuwatoza.

Sioni haya kukiri. Mwanafunzi mzuri ni yule anayeelewa somo hadi ndani.

Nimetandika khaki mezani, nimenoa mkasi. Nikavitazama vipimo vya Mama Pacha. Ni vizuri, lakini bado ana woga. Amepima mtoto alivyo na kuishia hapo, kana kwamba hatari inaanza baada ya mwili. Mtu aliyeelewa kweli hasimami mpakani, anarudi nyuma hatua moja.

Nikaanza na madarasa ya chini.


Jumapili, 16 Machi

Nimemaliza. Jora zote, madarasa yote. Mkono umevimba kwa mkasi na mgongo unauma, lakini sijawahi kukata kwa raha kama hivi.

Kiapo nimekishika. Aliniambia nisiongeze, sikuongeza hata upana wa uzi. Nimepunguza. Inchi moja kila mahali, shingoni, kiunoni, mikononi, miguuni, kwa usalama wa watoto. Kwa wale wanene nimepunguza mbili, maana ndio walio karibu zaidi na hatari. Hakuna atakayejikwaa.

Nimezipanga mezani darasa kwa darasa. Mama Pacha amefika sasa hivi na mdogo wake, nawasikia wanaegesha nje. Sijamwambia kitu, nataka aone mwenyewe.